Mtani Aliyelala Njiani

Mwamvita binti Mfaume ni Mzaramo. Wanyamwezi wa Kigwa watakuambia hilo kabla hawajakutajia jina lake, na watakuambia kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. Hajawahi kuishi Uzaramo. Amefika Dar es Salaam mara mbili, zote kwa matibabu ya macho, na mara zote alilalamikia joto mpaka wenyeji wake wakamkatia tiketi ya kurudi mapema. Amezaliwa Kigwa, nyuma ya stesheni, baba yake alipokuwa na cherehani moja ya miguu. Sasa ana miaka sitini na sita, anaishi Isevya, Tabora mjini, na anashona sare za shule. Lakini Mzaramo ni Mzaramo, na kazi iliyompa jina kutoka Ntalikwa mpaka Ulyankulu inategemea hilo. Kazi yenyewe ni kuwatukana Wanyamwezi kwenye misiba yao.

Msomaji asiyejua utani asishtuke. Wazaramo na Wanyamwezi wamekuwa watani tangu misafara ya pembe ilipopita njia ile ya kutoka pwani. Mtu akifa, wafiwa hulia, majirani hupika, na mtani hufanya fujo. Huvaa koti la marehemu, huiga alivyotembea na alivyokohoa, hutangaza ubahili wake mbele ya wakwe, na jeneza likitoka ndani hulala njiani lisipite mpaka apewe haki yake. Hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Naye amewekewa sharti moja tu, kwamba mtani halii. Wafiwa wamempa kazi ya kuwatoa machozi usoni, sasa akianza kumwaga ya kwake atakuwa amewaibia. Mtani akilia hutozwa faini ya kuku, na aibu juu.

Kuku ana historia katika ukoo huo. Inasemekana babu yake baba yake Mwamvita, mtu aliyeitwa Sabiri, alikuwa amekaa nje ya nyumba yake Uzaramo akijitafunia mihogo, ukapita msafara wa wapagazi wa Kinyamwezi unaorudi kwao. Mmoja wao akamkwapulia kuku wake. Sabiri akamfuata kumdai. Alimfuata akimdai mpaka Morogoro, akamdai mpaka Mpwapwa, wakavuka Ugogo anadai, na walipoingia Tabora baada ya miezi mitatu aliambiwa kwamba kuku aliliwa siku ya pili. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kufika, akaoa. Mwamvita huisimulia habari hii kwa uso mkavu kabisa, na ukimuuliza kama ni kweli anakuuliza wewe ulikuwepo.

Kinyamwezi alijifunza kwa kutukanwa. Utotoni Kigwa, watoto wa jirani walimwimbia mchana kutwa habari za kuku na za Wazaramo wasiojua kulima, na mkubwa wao alikuwa kijana mchunga ng'ombe mwenye miguu mirefu, jina lake Leodgar. Binti akaona hawezi kujibu kwa Kiswahili, maana tusi la Kiswahili kwa Mnyamwezi ni kama kumpiga mtu na kanga. Akasikiliza miaka miwili bila kusema. Siku alipofungua mdomo, Leodgar aliacha ng'ombe wakaingia kwenye karanga za katekista, na viboko alivyopata siku ile alimdai Mwamvita maisha yao yote.

Basi ukisikia watu wa mjini wakimwita mtetezi wa Kinyamwezi, ujue wanampamba. Mwenyewe hutetea matusi yake. Lilimpata jambo ambalo halikumpata mtani yeyote kabla yake: alianza kutokueleweka. Mwanzoni hakuliona. Alikwenda msiba mmoja pale Cheyo, wa mfanyabiashara wa asali aliyekufa na mizinga yote ya nduguze, akaachia maneno ambayo miaka ya nyuma yalikuwa yakiwaangusha watu chini. Wakacheka wazee watatu waliokaa pamoja chini ya turubai. Waliobaki, zaidi ya mia mbili, walimtazama kwa heshima. Mwamvita anasema katika maisha yake hajawahi kudharauliwa kama alivyoheshimiwa siku ile.

Akajaribu redio. Kituo kimoja cha mjini kikampa dakika kumi kila Jumamosi awatukane Wanyamwezi kwa Kinyamwezi. Wiki ya kwanza wasikilizaji wanne walipiga simu, wawili wakiuliza ile ni lugha ya wapi, mmoja akiomba wimbo, wa nne alikuwa Leodgar. Wiki ya tatu zilibaki dakika tano, halafu likawekwa tangazo la mbegu za tumbaku. Baadaye ofisi fulani ilimpa cheti kikubwa chenye fremu kilichomtambua kama mzee wa mila wa kabila la Wanyamwezi. Alikitundika chooni, akisema Mzaramo kuitwa Mnyamwezi kwa maandishi ni jambo la kuangaliwa mtu akiwa peke yake.

Ndipo akabadilisha haki yake. Tangu hapo alipolala njiani hakutaka tena kuku wala noti. Alitaka jibu. Awe mtoto wa marehemu, awe mjukuu, mmoja wa nyumba hiyo asimame amjibu tusi lake kwa Kinyamwezi, hata kwa maneno matano, naye angeinuka. Wazee walilalamika kwamba amepandisha bei. Lakini watu walihangaika. Kuna familia ya Ulyankulu ilimficha kijana wao siku mbili kwa bibi yake, mgonjwa akiwa bado anapumua, afundishwe sentensi moja. Mgonjwa akapona, kijana akaisahau.

Huyo Leodgar alikuwa amekwisha kuwa Mwalimu Leodgar, mstaafu, na mpinzani wake mkuu. Kila msiba Mwamvita alipotukana, yeye ndiye alijibu kwa niaba ya Wanyamwezi, amesimama na fimbo yake, miwani puani, wakirushiana mpaka padri au shehe akakohoa. Mwalimu alimwita Mzaramo. Mwamvita alimwita mpagazi wangu. Watu walisafiri kuja kuwasikiliza, na wengine, Mungu awasamehe, waliulizia kwanza kama hao wawili watakuwepo ndipo wakapanga kama watahudhuria.

Mwaka jana, mwezi wa saba, Mwalimu Leodgar alikuja Isevya na kifurushi cha matobolwa, yale ya viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, akaketi kwenye kiti cha wateja. Mwamvita akaona mtu amekonda. Akamwambia hata kifo kimemwona mchungu ndiyo maana kinamla kidogokidogo. Mwalimu hakujibu tusi. Hapo Mwamvita akaacha kukanyaga cherehani.

"Mzaramo," akasema, "unakikumbuka kile kibao?"

Nani asingekikumbuka. Ubao wa mninga wenye kamba, ulioning'inizwa shingoni kwa mtoto yeyote aliyesikika akisema Kinyamwezi shuleni. Mtoto alishinda nao mpaka amkamate mwenzake naye amvishe. Mwalimu Leodgar aliutunza kabatini miaka thelathini na moja, na alikuwa mwaminifu kwa kazi yake, kwa hiyo alipeleka sheria ile mpaka nyumbani. Watoto wake watatu walikua kwa Kiswahili kitupu. Wote wamefanikiwa. Levina, wa kwanza, ni mkubwa wa kitengo benki Dar es Salaam, na wadogo zake wawili wana vyeo ambavyo baba yao alivitamka taratibu ili asivikosee.

"Niliwavisha watoto wa watu mia ngapi," akasema mwalimu. "Wale wa watu wamejifunza kwa bibi zao. Wa kwangu nilifanikiwa."

Mwamvita akamwambia aache kujisifu.

"Nikifa, ulale. Usiinuke mpaka mmoja niliyemzaa mimi akujibu. Siyo dada yangu, siyo katekista. Niliyemzaa."

"Na wakishindwa?"

"Nitakaa njiani. Wengi nimewakalisha mimi, kwa kile kibao."

Akanyoosha mkono. Mwamvita akaushika, na ulikuwa mwepesi, akaahidi. Nasema wazi kwamba aliahidi akidhani ana muda.

Mwezi wa kumi, siku ya Alhamisi, Eustadia, dada yake mwalimu, alimpigia simu kutoka Kigwa. Hakusema kaka amefariki. Alisema, "Mzaramo, njoo uchukue mpagazi wako." Mwamvita alikaa mpaka chai ikapoa. Kisha akalia, mlango umefungwa, akiwa nyumbani kwake nje ya saa za kazi, jambo ambalo utani hauna neno nalo. Alipomaliza akanawa, akaweka kanga mbili na chaki kwenye mfuko, akaenda stendi.

Kigwa alikuta msiba umeandaliwa vizuri kupita kiasi. Palikuwa na turubai jeupe, viti vyenye nguo, spika kubwa kama kabati, na mshereheshaji wa kukodi aliyevaa suti ya kijivu kwenye jua lile. Palikuwa na ratiba iliyochapwa kwa rangi. Mwamvita akaipokea, akavaa miwani, akasoma kwamba saa nane na dakika kumi hadi saa nane na robo ni Watani.

Levina alikuja kumsalimia, amefunga kitenge vizuri, macho yamevimba. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Poleni."

"Tumeshapoa. Shangazi, naomba kitu kimoja. Wageni wa ofisini wametoka mbali. Kama utaweza, sema kwa Kiswahili waelewe. Na usitaje habari za ubahili."

"Baba yako bila ubahili atafikaje kaburini? Hata hatumtambui."

Levina akatabasamu bila kutaka. Mwamvita alimwona akirudi kwa wageni wake akahesabu watoto wa mwalimu kwa macho, wote watatu. Aliwajua tangu wakiwa wachanga. Alijua hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kitu cha kumjibu, na alijua ameapa kwa mtu ambaye sasa hawezi kumfungua.

Saa nane na dakika kumi mshereheshaji akatangaza watani. Mwamvita akatokea nyuma ya jiko amevaa koti la mwalimu la kaki, lile la viraka vya viwiko, miwani yake puani, chaki sikioni, na shingoni kibao. Kile chenyewe. Eustadia alikitoa uvunguni mwa kitanda cha kaka yake. Akatembea kwa miguu mirefu asiyokuwa nayo, na bado ilionekana mirefu. Akasimamisha wageni wa ofisini mstari mmoja akawakagua kucha. Mmoja wao, bwana mwenye kitambi, aliamriwa arudi nyumbani akaoge. Akapokea soda, akanywa nusu, akafunga kizibo chake akaitia mfukoni kwa ajili ya kesho, na turubai zima likapiga kelele kwa kicheko, maana ndivyo alivyokuwa, Mungu amrehemu. Eustadia alicheka mpaka akashikwa. Mshereheshaji akaangalia saa, akashukuru, akatangaza mwili uelekee kanisani.

Jeneza likatoka. Mwamvita akatandika kanga katikati ya njia, kati ya mlango na barabara, akavua lile koti, akalala chali, akajifunika nalo mpaka kidevuni. Kisha, kwa Kinyamwezi kipana cha zamani, akatoa tusi lake. Alisema nyumba hii imezaa watoto watatu na haina hata mmoja. Alisema mwalimu amekufa akiwa tajiri wa maneno na bahili wa maneno, amewanyima wanawe hata salamu, na leo amebebwa na mabubu waliovaa viatu vizuri. Alisema kama pana Mnyamwezi ndani ya uzao huu amjibu, kama hayupo, basi huyu jenezani ni Mzaramo na wamrudishie yeye akamzike Uzaramo pamoja na kuku.

Wazee waliguna. Lilikuwa tusi zito, na lilikuwa zuri. Waliolengwa walisimama wakimtazama kwa heshima.

"Mama, ahsante sana kwa burudani," spika ikasema. "Tunaomba tuheshimu muda."

Mwamvita akafumba macho.

Justus, mume wa Levina, mtu wa Bukoba na mtu mwema sana, alikuwa hajawahi kuona jambo hili. Akapiga magoti, akamshika kifundo cha mkono, akauliza waliozunguka kama mama ana sukari. Akaagiza maji ya glukosi. Mwamvita akayanywa, akashukuru, akalala tena. Justus akaeleza kwamba hali si mbaya ila asiinuliwe ghafla.

Mtu akamweleza Justus, naye kwa aibu akatoa noti ya elfu kumi akaiweka kwenye koti. Mwamvita hakuirudisha, lakini hakuinuka pia. Kutoka jikoni wakaleta kuku, wa kisasa, mweupe, aliyekwisha kunyonyolewa. Mwamvita akafumbua jicho moja, akamtazama kuku yule kwa muda, akalifumba. Padri, ambaye ni Msukuma na alikuwa akiuma midomo ili asicheke, akajitolea kujibu kwa Kisukuma chake, akisema si mbali na Kinyamwezi.

"Baba, wewe hukuzaliwa na huyu," Mwamvita akasema akiwa chini. "Na kama ulizaliwa, hapa si mahali pa kutangaza."

Wabebaji wakabadilishana mabega. Eustadia akamsogelea Levina, akainama kama anayemtengeneza kilemba, akaanza kumnong'oneza sikioni. Kidole cha Mwamvita kikapanda juu kutoka kwenye koti.

"Hakuna kuibia darasani."

Watu wakacheka tena, lakini kilikuwa kicheko kifupi. Jua lilikuwa kali. Jeneza likashushwa juu ya viti viwili vyenye nguo nyeupe, pale njiani, na hapo mzaha ukaanza kuondoka. Watu walianza kuelewa kwamba mama huyu hainuki. Mwamvita mwenyewe, chini ya koti lenye harufu ya ugoro na chaki, alikuwa anaogopa. Nusu yake ilitaka kusimama, imwombe radhi marehemu, iwaachie wazike mtu wao. Nusu ya pili iliukumbuka ule mkono mwepesi.

Levina akaja akachuchumaa karibu na kichwa chake. "Shangazi, inatosha. Baba amechoka."

"Mwanangu, si mimi ninayezuia. Yeye ndiye aliyenilaza hapa. Nimeshika mkono wake."

"Alikuambia hivyo?"

"Mmoja niliyemzaa, alisema."

Levina akaligeukia jeneza. Kisha akasimama, na mambo yote aliyoyapanga kwa siku tatu, turubai, wageni, ratiba ya rangi, yakamtoka mikononi kwa pamoja. "Sasa nimjibu nini?" akapaza sauti, si kwa Mwamvita, kwa jeneza. "Hakutufundisha! Amefundisha Kigwa nzima, sisi akatuambia itatuchelewesha. Bibi alipokuwa anakufa alinisemesha nikawa namwitikia kwa kichwa tu. Sikujua anasema nini! Na leo unataka nikujibu? Nitatoa wapi?"

Wadogo zake waliangalia chini. Mwamvita akafumbua macho akamwona amesimama juu yake, kichwa kimeziba jua, mikono kiunoni, akimtazama mtu aliyelala amejifunika koti la baba mchana kweupe.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu nyumba ile. Mwalimu Leodgar alikuwa mwalimu kuanzia saa moja asubuhi. Lakini saa kumi na moja alfajiri, kabla hajanawa uso, alikuwa bado mtoto wa mama yake, na sauti yake ya kuamsha watoto ilifika mpaka stesheni. Majirani walitumia sauti hiyo kupanga muda wao. Hakuna aliyewahi kumvisha kibao kwa maneno ya saa hiyo, na yeye mwenyewe nadhani hakujua anayasema.

Levina akafungua mdomo na ikatoka sauti ya baba yake.

Ilikuwa kwa Kinyamwezi, nzito, kavu, ya mtu aliyeudhika tangu jana. Amka! Jua limetoka unalikalia. Moto umezimika, maji hakuna, ng'ombe wamejifungulia zizi wenyewe, wenzio wamelima mpaka wamemaliza na wewe umejifunika kama mzigo uliotupwa njiani na wapagazi. Nani amekuambia dunia inasubiri? Amka, nikija hapo nitakuamsha na maji!

Alisema yote bila kuvuta pumzi, kwa mpangilio uleule, na mguu wa kulia ukapiga chini mwishoni kama baba yake alivyokuwa akipiga. Baadaye alikiri kwamba hakujua maana ya neno mojamoja. Alijua tu kwamba yakifika kwenye maji huwa ameshasimama.

Wazee wa Kigwa wakalipuka. Waliangukiana, walipiga mapaja, katekista alikaa chini kwenye vumbi, Eustadia akapiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Wadogo zake Levina walikuwa wameshikana, wanacheka na machozi yanatiririka, kwa kuwa mmoja wao, mtu mwenye dereva wake, alisikia maneno yale akajikuta ameanza kutafuta viatu kwa macho.

Mwamvita alikuwa amejiandaa kwa kila jibu. Miaka arobaini amelala kwenye njia za watu, na kwa kila tusi alikuwa na tusi la kulifunika. Hili halikuwa tusi. Mwalimu alikuwa amemjibu mwenyewe, kwa mara ya mwisho, kwa kinywa cha mtoto aliyemzaa, na jibu la maneno hayo ni moja tu, ambalo watoto wote wa Unyamwezi hulitoa wakiwa bado usingizini.

"Naamka, baba," akasema, kwa Kinyamwezi.

Akainuka. Akakunja kanga yake, akakung'uta koti akalivaa, akavua kibao shingoni akakiweka juu ya jeneza, akapisha. Jeneza likapita mbele yake hadi kanisani, na kutoka kanisani hadi kaburini, saa moja na nusu nyuma ya ratiba. Kibao kilishuka naye. Hakuna aliyeuliza.

Ilikuwa wakati wa kutupa udongo ndipo Eustadia alipogeuka na kumwona. Mwamvita alikuwa amesimama pembeni, uso umenyooka kama kawaida yake, hakuna msuli unaocheza, na machozi yanashuka mpaka kwenye kola ya koti.

"Mzaramo analia!" Eustadia akapiga ukelele, kwa furaha ya mtu aliyesubiri miaka arobaini. "Tazameni! Mzaramo analia! Kuku!"

"Ni vumbi," Mwamvita akasema.

"Kuku!"

Faini ni faini. Kesho yake alifika na jogoo mwekundu wa kienyeji, mwenye shingo tupu na hasira, akamkabidhi Levina mbele ya mashahidi, akasema kwamba kwa kumbukumbu za ukoo wake ni mara ya kwanza kuku kutoka kwa Mzaramo kwenda kwa Mnyamwezi bila kuibiwa. Levina akasema hatachinjwa. Atakwenda naye nyumbani. Ndege haikupokea jogoo, kwa hiyo Justus alitangulia na wageni, na mkubwa wa kitengo akapanda treni Kigwa na kikapu mapajani, kurudi kwa njia ileile aliyopita Sabiri, ila kwa kushuka.

Njiani aliandika ujumbe kila alipokumbuka. Wamefika Manyoni, jogoo amemdonoa mkagua tiketi. Wako Dodoma, amelala. Morogoro, amewika, behewa zima limelalamika. Mwamvita hakujibu hata mmoja. Alikaa Isevya na sare zake, akiwa na jambo ambalo hakulisema kwa mtu, kwamba mpinzani wake ameondoka, na hata kama yeye mdomo bado anao, hakuna tena atakayesimama na fimbo upande wa pili. Jioni ile hakuwasha taa mapema.

Simu ililia saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa kitandani na hakuwa na haja ya kuamka, nguo za wateja zilikuwa zimekwisha. Akatafuta miwani, akasogeza mwanga. Ujumbe ulitoka Dar es Salaam, mrefu, umeandikwa kwa Kinyamwezi chenye makosa kila mahali, kama mtu anavyoandika maneno ambayo ameyasikia tu wala hajawahi kuyaona. Jua limetoka unalikalia. Moto umezimika. Nani amekuambia dunia inasubiri? Na chini yake, kwa Kiswahili: Kuku wenu amefika kwao. Amka, Mzaramo.

Mwamvita aliusoma mara mbili, akamtukana Levina kwa sauti ndani ya chumba kitupu, akaamka.